Mbegu Nilizozikausha Vizuri

Tangu nirudi simu yangu haijapumzika, kwa hiyo nimeamua kuandika mara moja, kila mtu asome akiwa na nafasi. Gathoni ameuliza kama kweli nilifika mlimani au nilijificha kwa dada yangu Juja. Wengine mmeuliza tulikula nini. Hakuna aliyeuliza juu ya mbegu, na najua hiyo ni heshima, hamjasahau. Basi nitaanza na mambo mepesi, na yale mazito mtayakuta njiani kama nilivyoyakuta mimi.

Ninyi tuliofanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha kahawa mnanijua. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikivuka daraja la mto Ruiru nahisi nimesafiri, na Thika kwangu ni ng'ambo. Kiti changu pale nje ya mlango kina shimo lililochimbwa na makalio yangu tu; hata paka akijaribu kulala hapo anaondoka amekasirika. Kwa hiyo mkisikia nilienda mpaka Mlima Kenya, upande wa Chuka, mjue kuna kitu kilichonitoa.

Kwa wale mlioingia kundi hili majuzi: tulipokuwa tukiishi kambini kwenye shamba la kahawa, mimi na Njeri tulipata mtoto wetu wa kwanza, tukamwita Wambui, jina la mama yangu. Aliishi miezi minane. Ilikuwa homa ya mapafu. Mtu wa kambi hana shamba lake la kuzikia, kwa hiyo nyapara akatuonyesha mahali kando ya mto, chini ya mti wa muiri, ambapo hakukuwa na kahawa. Hatukuweka msalaba, maana ardhi ilikuwa ya mwenyewe. Muiri ndio uliokuwa msalaba. Miaka yote hii, hata baada ya kuhamia Ruiru mjini na kupata wavulana wawili ambao sasa ni wanaume wenye ndevu, Njeri alikuwa akienda pale, anakaa, anarudi.

Mwaka huu shamba limekatwa ploti. Tulipopata habari na kukimbia, tingatinga lilikuwa limetutangulia. Muiri ulikuwa umelala chali na udongo wa chini yake umegeuzwa wote, mwekundu kila upande. Tulizunguka tukibishana kaburi lilikuwa wapi. Hatukupata. Askari wa lango alituonea huruma, akatupa dakika chache tuokote matunda kwenye matawi, kwa sababu mti ulikuwa umeangushwa ukiwa umezaa.

Sasa, matunda ya muiri yanafanana na kahawa mbivu. Mviringo ule ule, wekundu unaoelekea weusi, na ndani mbegu. Na mkono uliokuwa umeyashika ulikuwa mkono wangu. Mnakumbuka nilivyokuwa: miaka ishirini na miwili kwenye meza za kukaushia. Nilikuwa nauma punje moja nawaambia zimebaki siku ngapi za jua, na mashine ya kupima unyevu ikiletwa inakubaliana nami. Basi nikafanya nilichofundishwa. Nikamenya, nikaloweka mpaka utelezi ukatoka, nikaosha kwa maji matatu, nikatandaza kwenye waya juu ya paa la nyumba tunayokodi. Nikawa nageuza kila saa, nafunika saa sita jua likiuma, nafunika tena jioni umande usiguse. Majirani walianika nguo upande mmoja wa paa, mimi upande wa pili nikaanika kile kilichobaki cha Wambui.

Njeri alikuwa amesikia redioni juu ya bustani moja ya miti ya kiasili, juu mlimani, inayopokea mbegu na kuzikuza. Tulipata namba, nikampigia msimamizi, Bwana Micheni. Akaniambia nizilete upesi. Alirudia: upesi, usingoje. Nikamwitikia ndio, ndio, nikakata simu, nikamwambia Njeri huyu ni mtu wa ofisi, hajui mbegu. Zikienda mbichi zitaoza njiani. Zilikuwa zimekaa siku tisa kwenye jua. Nikaongeza tatu.

Ruiru hadi Thika

Tuliondoka saa moja asubuhi na pikapu ya Karanja, kaka mkubwa wa Njeri. Karanja husafirisha chakula cha kuku, kwa hiyo gari lake linanuka samaki wa omena mpaka kwenye usukani. Ananiita muthoni, yaani shemeji, na ndani ya neno hilo la adabu huwa anapakia matusi yake yote. Njeri alikaa katikati, mimi dirishani, na mkebe wa mafuta ya kupikia wenye mbegu ukiwa juu ya magoti yangu.

Tulipofika Witeithie Karanja alinitupia jicho, akasema, "Muthoni, huo mkebe umeukumbatia kama kifungua mimba."

Halafu akasikia alichosema. Aliwasha redio tukasikiliza utabiri wa mvua mpaka Thika, na mkoa uliotabiriwa haukuwa hata wetu.

Thika tulichelewa saa nzima na zaidi, kwa sababu Karanja alikuwa na magunia ya kushusha, na mwenye kuyapokea alikuwa ameenda kunyoa. Nikanunua chai na mandazi pale kwenye duka la vifaa vya shamba. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi ambaye baba yake alikuwa akituuzia waya wa meza zetu za kukaushia. Alinikumbuka. Nami, mnavyonijua, sikuweza kunyamaza, nikafungua mkebe. Hakuzitazama hata. Aliufunga, akautikisa karibu na sikio lake, ukalia kama kayamba.

"Hii umekausha wewe," akasema. "Nasikia mkono wako."

Njeri alitabasamu. Nawaandikia hili kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko mengine: alitabasamu, akanigusa bega, mbele ya watu. Nilikaa na kiburi hicho kifuani kilomita nyingi, kama mtu aliyemeza mandazi bila kutafuna.

Thika hadi Sagana

Baada ya mananasi ya Makuyu, ambayo yamepangwa kama watoto wa shule kwenye gwaride mpaka macho yanachoka, gari lilianza kutoa moshi mweupe. Karanja alisema ni ukungu. Mimi, ambaye sijui magari, nilisema ukungu hautoki kwenye boneti. Tulibishana hivyo mpaka Sagana, ambako paipu ya maji ya injini ilipasuka kabisa, na mabishano yakaisha kwa ushindi wangu wa kwanza na wa mwisho wa safari.

Fundi alikuwepo lakini paipu haikuwepo. Ilibidi itoke Karatina, kwa pikipiki. Tukangoja. Kuna mama anayekaanga samaki kando ya barabara, akatukaribisha chini ya turubai lake, tukala tilapia na ugali, na sukumawiki iliyokatwa nyembamba kama nyuzi. Akaniuliza kwa nini sili kwa mikono miwili kama wenzangu. Kweli, mkono mmoja ulikuwa umeshika mkebe. Njeri akamwambia ni mbegu za mti. Yule mama akatazama mashamba, akatazama mkebe, akasema kwa upole kabisa kwamba miti ipo hata Sagana, hatukuhitaji kuitoa Ruiru. Tulicheka. Njeri pia alicheka. Jua lilikuwa kali sana pale, na nakumbuka nilisogeza mkebe ukae juani, zipate la mwisho.

Sagana hadi Embu

Paipu ilifika saa nane. Tulipita mashamba ya mpunga ya Mwea, maji yamelala kila mahali yakimeta, na yangeyange weupe wamesimama humo kama mashuka yaliyoanguka kwenye kamba. Njeri akasema angeweza kuishi hapa. Kila tulipopita alisema angeweza kuishi hapo. Mimi nilikuwa natafuta kiti changu kwa mawazo.

Embu tulisimama kunywa chai, na hapo nikaingia matatani kwa mdomo wangu. Nilimuuliza mhudumu wa hoteli kama barabara ya Chuka iko sawa, kwamba tunapeleka muiri. Mzee mmoja wa meza ya pili, mwenye kofia na fimbo, alisikia neno hilo. Mnajua gome la muiri linavyosakwa kwa ugonjwa wa wanaume wazee. Alivuta kiti chake polepole mpaka kwangu, akaanza kunieleza kwa sauti ya chini jinsi anavyoamka kwenda haja, mara ngapi, na kwa kungoja kiasi gani. Nikamwambia mimi si daktari wa miti shamba. Akasema daktari wa kweli hukataa hivyo hivyo. Karanja, badala ya kunisaidia, akamwambia huyu ni bingwa kutoka Ruiru lakini ana maringo, ambembeleze. Yule mzee akanibembeleza. Mwishowe nilimwambia anywe maji mengi mchana na apunguze jioni, akanishukuru kwa kunishika mikono yote miwili, akataka hata kunilipia chai. Ndiyo dawa pekee niliyotoa maishani mwangu, na natumaini haikumdhuru.

Embu hadi Chuka

Baada ya Runyenjes barabara inakuwa nyoka. Inashuka kwenye bonde, inavuka mto, inapanda, inashuka tena; kila mto una maji meupe yanayokimbia kutoka mlimani, na mlima wenyewe hatukuuona, ulikuwa umejifunika kwa mawingu kama mgonjwa. Tulifika Chuka jioni, tukapata vyumba, tukala githeri ya mahindi na maharagwe yenye viazi na ndizi mbichi zilizopondwa. Wenyeji wanaongea lugha ambayo Mkikuyu anaelewa nusu na kujidai ameelewa yote. Karanja aliagiza nyama akaletewa matumbo, akayala bila kulalamika ili asionekane mgeni.

Hapo mezani, Karanja alipoenda kuangalia gari, Njeri alisema jambo ambalo hakuwa amelisema tangu tingatinga.

"Sitaki mingi," akasema. "Mmoja tu ukiota. Hata kama ni huku mbali na hatutauona tena. Nijue uko mahali."

Nikamwambia kwa kazi niliyofanya itaota mpaka wapungukiwe na mahali pa kuipanda. Ndivyo nilivyosema. Ningependa niwafiche, lakini ndivyo nilivyosema.

Kupanda mlimani

Asubuhi tulipanda kupitia mashamba ya chai mpaka chai ikaisha, kama mkeka uliokatwa kwa kisu, na msitu ukaanza palepale. Karanja alibaki na gari kwenye lango kwa sababu ya matope. Nikavaa koti langu la mazishi, ndilo pekee zito nililo nalo.

Sijui niwaeleze vipi. Ninyi mnajua miti iliyopangwa kwa mistari na kukatwa vichwa ili vibarua wafikie. Kule miti imekua bila nyapara. Mashina yana unene wa chumba changu, yamevikwa manyoya ya kijani yaliyolowa, ukiyabonyeza maji yanatoka kama kwenye sifongo. Kutoka kwenye matawi kunaning'inia ndevu za rangi ya majivu, ndefu, na kila unywele una tone la maji kwenye ncha. Kuna makangaga marefu kama migomba. Kuna mti wa muthaiti ambao Bwana Micheni alisema ni mkubwa kuliko babu wa babu yake, nami nikiupapasa nikasikia harufu ya dawa ya kikohozi. Vijito vinapita kila mahali, vingine chini ya ardhi, unavisikia chini ya viatu vyako na huvioni. Mvua haikuwa inanyesha, lakini tulilowa. Hewa yenyewe ilikuwa maji.

Micheni ni mtu wa makamo, wa maneno machache, buti za mpira hadi magotini na kisu kidogo kiunoni. Alitupokea vizuri, akamwita Njeri mama, akanipa mkono. Kisha akaupokea mkebe, ukalia. Uso wake ulibadilika kidogo, kama mtu aliyekabidhiwa bahasha ya hospitali ambayo si yake. Alizimwaga kwenye beseni la maji ndani ya kibanda cha miche, zote zikabaki juu, akasema tuziache ziloweke mpaka kesho.

Njeri akamuuliza mbegu za muiri huchukua muda gani kuota.

"Zikiwa hai, wiki sita," akasema.

Njeri alisikia wiki sita. Mimi nilisikia yale maneno mawili ya mbele, lakini nikayasukuma. Nikajiambia kahawa kavu pia huelea mwanzoni.

Akatutembeza bustanini. Kila mti una kibao cha bati chenye jina. Njeri alitangulia naye, anauliza hili na lile, anagusa mashina, na nilimwona akitembea kama alivyokuwa akitembea tulipooana, mabega yake yameshuka. Mbega walipita juu, mikia myeupe ikipepea kama taulo. Ndege mmoja wa kijani akafungua mabawa, na ndani yalikuwa mekundu kama jeraha. Nilimwambia Njeri atazame, lakini alikuwa tayari ameutazama mti mwingine.

Halafu tukafika kwenye miiri yenyewe. Ipo mingi, mirefu, magome meusi yaliyopasuka vipande vipande kama ardhi ya kiangazi. Lakini mitatu ilikuwa imechunwa kiunoni kuzunguka shina lote, na juu imekauka, matawi meupe. Micheni alisema ni watu wanaouza gome. Huja na mapanga, huchukua gome la siku moja, na mti hufa kwa miaka minne. Alisema pia ukungu siku hizi huja umechelewa na kuondoka mapema, na kijito kimoja alichokunywa akiwa mtoto hakipo tena. Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya watu asiowajua, na nilielewa kwamba anawajua wote.

Nikatazama chini. Chini ya muiri mmoja mzima ardhi ilikuwa imejaa miche, midogo, majani mawili mawili, mamia, imebanana kama mboga kwenye sahani. Nikamuuliza ni nani aliyeipanda.

"Kima," akasema. "Wanakula tunda, wanatema mbegu. Inaangukia kwenye majani yaliyolowa, inaota."

"Na hakuna anayezikausha kwanza?"

Alinitazama. "Mzee, huku hata shati halikauki."

Nilibaki nyuma. Nilijifanya nafunga kamba za viatu. Fikirini: miaka ishirini na miwili, vyeti viwili vya kazi bora ukutani, na kima ambaye hajakanyaga hata chekechea anaijua kazi hii kuliko mimi. Ningecheka kama ningekuwa nawasimulia habari za mtu mwingine.

Mbele yangu Njeri alikuwa amesimama kwenye ukingo wa kijito, penye uwazi mdogo unaopata mwanga. Alimwambia Micheni kwamba wakati ukifika, kama ataruhusu, upandwe hapo. "Hapa atasikia maji," akasema. Hakusema mti. Micheni aliitikia kwa kichwa, akanitazama mimi juu ya bega lake, nami nikatazama kijito.

Sikumwambia Njeri kitu siku hiyo. Tulilala huko huko bustanini, na jioni alikula vizuri sana.

Beseni

Kulipopambazuka nilienda kibandani peke yangu. Micheni alikuwa ameshafika. Hatukusalimiana.

Mnakumbuka kazi ya kwanza kiwandani kila asubuhi: mwaga kwenye maji. Nzuri huzama. Iliyo na hewa ndani huelea, na inayoelea ni ya kutupwa. Zilikuwa zimeloweka tangu jana. Zilielea zote. Nilitumbukiza mkono nikapapasa chini ya beseni, labda moja, nikapata changarawe.

Micheni alichukua moja akaikata kwa kile kisu. Ndani kulikuwa na kitu kidogo cha kahawia kilichojikunja, kama kucha iliyokatwa. Nikamwomba akate nyingine. Akakata. Nikamwomba tena. Alipofika ya kumi alifunga kisu, akasema, "Basi, mzee."

Akaniuliza nilizifanya nini. Nikamweleza yote, kumenya, kuosha, waya, siku kumi na mbili, kugeuza kila saa, na nilipokuwa nikieleza niliisikia sauti yangu mwenyewe bado inajisifu. Haikujua kuacha.

"Kwa kahawa ungepewa daraja la kwanza," akasema, na hakuwa ananicheka. "Hizi za mlimani huondoka mtini na maji yao ndani. Maji yakiisha, nazo zimekwisha."

Nikamuuliza kama ningezileta siku ile aliyosema upesi.

Alikwangua tope kwenye buti moja kwa ncha ya buti ya pili. "Pengine si zote," akasema.

Halafu, kwa wema, maana yule ni mtu mwema, akaniambia pale chini ya miiri kuna miche ya bure. Nichukue mmoja, tuupande pale kijitoni. Muiri ni muiri. Mama hatajua.

Nitawaambia ukweli: nilifikiria. Nilifikiria kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Niliuona hata kibao chake cha bati. Na ningefanya, msinidhanie mema, ila Njeri alikuwa ameshasimama mlangoni na lile koti langu mabegani.

Wengine hamkufanya kazi upande wa kina mama, lakini Njeri alichambua kahawa kwenye matangi yale yale ya maji miaka kumi na mitano. Alilitazama beseni. Hakuhitaji kuambiwa na mtu yeyote kinachoelea ni nini. Alizitazama zile kumi zilizokatwa, zimepangwa kwenye ubao. Kisha akanitazama.

"Yeye alisema upesi," akasema. "Ama nimekumbuka vibaya?"

"Alisema."

Akaitikia polepole, mara mbili, kama mtu anayehakikisha chenji. Akamgeukia Micheni, akamwomba tuta.

Micheni akasema, "Mama, hizi hazitaota."

"Mimi najua inayoelea. Nimekuomba tuta."

Akampa tuta moja mwishoni mwa kitalu, karibu na pipa. Akamwambia ukweli kwamba anaweza kumwachia mpaka mvua zikaribie, kama wiki sita hivi, kisha atalihitaji kwa miche mingine. Njeri akavua viatu. Akapiga magoti kwenye udongo ule mweusi, akatoboa kwa kidole, akaweka moja, akafunika, akatoboa tena. Zote, hata zile zilizokatwa. Ilichukua asubuhi yote. Nilipojaribu kusaidia alinipa kopo la maji. Basi nikamwagilia. Nilimwagilia mpaka Micheni akaja akanishika mkono taratibu, akasema yanatosha.

Chuka hadi Ruiru

Kurudi hakuna hadithi. Paipu haikupasuka. Embu yule mzee hakuwepo. Mwea tulinunua mchele. Karanja alikuwa ameniona nikitoka msituni na hakunitania hata mara moja, na ninyi mnaomjua mnaelewa hilo lilikuwa baya kiasi gani. Kutoka Chuka mpaka Makutano Njeri alisema maneno mawili: funga dirisha.

Tulipopita Juja aliniuliza, bila hasira, kama anauliza bei ya nyanya, ilikuwaje nikaongeza zile siku tatu. Nikasema nilitaka ziwe safi kabisa. Akasema, "Zilikuwa safi." Tukafika nyumbani.

Ruiru

Hizo wiki sita zimepita. Njeri hajaniuliza kitu, lakini simu yangu ikilia anaacha anachofanya. Wavulana wamekuja, wakamletea kuku, wakarudi. Nakaa kwenye kiti changu na sipati tena lile shimo. Nimejaribu kukaa kwa kila upande. Juu ya paa waya bado upo, umetandikwa, sijapanda kuutoa.

Jana jioni Micheni alipiga. Aliuliza hali, akauliza kama mvua imefika huku kwetu, akazunguka hivyo, mpaka nikamsaidia, nikamwambia aseme tu. Akasema hakuna kilichotoka. Akasema anaomba ruhusa kuligeuza tuta.

Njeri alikuwa ukumbini anachambua maharagwe. Nikamwambia. Hakuinua macho. Alitoa jiwe moja kwenye sinia, akaliweka pembeni, akatoa la pili.

"Mwambie asitumie jembe," akasema. "Atoe kwa mkono."

Nikampigia nikamwambia hivyo hivyo, bila kuongeza neno. Nilisikia maji yakipita nyuma yake. Halafu akasema atatoa yeye mwenyewe, kesho asubuhi, kabla vibarua hawajafika.